Naomba ushauri: "betri" ya mizinga tuiiteje kwa Kiswahili?

Habari zenu wakuu. Nimekwama, naomba mnisaidie.

Natafsiri makala ya historia ya Rockbridge Artillery, kikosi cha Lexington, Virginia, kilichopigania majimbo ya Kusini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe Marekani, toka 1861 hadi kujisalimisha Appomattox Aprili 1865. Kamanda wao wa mwanzoni, William Pendleton, alikuwa mchungaji, na mizinga minne ya mwanzo iliitwa Mathayo, Marko, Luka na Yohana. Hapo sikupata shida, Biblia ilishanifanyia kazi.

Shida ni aina ya kikosi: kwa Kiingereza ni "light artillery battery", yaani kundi la mizinga myepesi pamoja na watu wake. Nikiandika "betri" msomaji anawaza tochi. Nimejaribu "kombania ya mizinga", ila kombania mimi naijua ya askari wa miguu. "Mizinga myepesi" nayo nilimsomea shemeji yangu anayefuga nyuki, akauliza kama asali imeshavunwa! Na wepesi wenyewe si wa kubeba begani: ni mzinga wa kurusha tufe la ratili 6, unakokotwa na farasi.

Maswali ni mawili. Mliopita jeshini, hasa upande wa mizinga, kundi la mizinga minne hadi sita pamoja na watu wake mnaliitaje? Na je, niandike "mizinga ya kukokotwa na farasi" badala ya "myepesi", au nitawachanganya watu na ile aina nyingine ambayo kila mpigaji hupanda farasi?

Natanguliza shukrani.