Naongoza tiba ya usemi katika shule tatu za kawaida: nianze na mtoto au nianze na mwalimu?

BintiKisauni aliuliza:

Salaam wenzangu. Mimi ni therapisti wa usemi na lugha, nilisomea Makerere, na hadi sasa kazi yangu imekuwa hospitalini, mtoto mmoja na mzazi wake mezani. Muhula ujao nimekabidhiwa kuongoza huduma katika shule tatu za msingi za umma huku Mombasa, upande wa Kisauni. Si shule maalumu wala hazina kitengo cha watoto wenye mahitaji maalumu. Ni shule za kawaida, darasa lina watoto 60 na zaidi, na nyumbani wanasema Kiswahili, Kigiriama, Kiduruma, wengine wamehamia kutoka bara juzi tu. Nitakuwa na wasaidizi wawili waliosomea malezi ya watoto wadogo, si tiba.

Nimepita kujitambulisha, na mapokezi ni yale yale kote. Mwalimu mkuu anafurahi, ananionyesha stoo iliyofagiliwa, ananiambia hapa ndipo utakapowatibia, kisha naletewa orodha. Ya shule moja ina majina 87. Nimeisoma jina kwa jina. Wengi ni wenye kigugumizi au wanaosema "samba" kwa "shamba". Yumo mtoto aliyezaliwa na ufa kwenye kaakaa akafanyiwa upasuaji. Na mbele ya majina mengine kumeandikwa "mzito", basi. Wasichana ni wachache mno, na siamini kwamba ni kwa sababu hawana shida.

Wafadhili wanataka idadi ya watoto "waliohudumiwa" kila mwezi. Wazazi wanataka mtoto aingie chumbani atoke akisema. Mama mmoja kanieleza kuwa mwanawe alishakatwa ile kamba ya chini ya ulimi na bado haongei, akaniuliza sasa mimi nitamkata nini.

Kutibu najua. Kuongoza ndiko ninakotaka mawazo yenu. Nikikifungua kile chumba, wiki nzima itaishia mle. Nisipokifungua, nitaonekana sifanyi kazi. Nyinyi mlioko shuleni mlipangaje?

MwalimuGredi2 alijibu:

Dada, mimi si therapisti, nafundisha Gredi ya 2 huku Kilifi. Nakuomba jambo moja kabla ya yote: usiwatoe watoto kwenye Hisabati wala kipindi cha kusoma. Shuleni kwetu alikuja mtaalamu, mtu mwema kabisa, akawa anamchukua mtoto wangu mmoja kila Jumanne saa tatu. Akirudi, sisi tumeshavuka ile mada, na wenzake wanamuuliza ana ugonjwa gani. Walichokuwa wakifanya mle ndani sikukijua mpaka muhula ukaisha.

Njoo ukae nyuma ya darasa langu kipindi kizima. Nina watoto 64. Nikitoa agizo, wa mbele wanalisikia, wa huko dirishani wanaangalia wenzao wamefanya nini ndipo nao wafanye. Ukinipa njia moja ninayoweza kuitumia na hao wote bila daftari jingine la kujaza, nitaanza nayo kesho yake. Ukinileta fomu ya kurasa nne, itakaa kabatini.

Na tafadhali, si semina ya Jumamosi hotelini. Nusu saa baada ya vipindi inatosha, kisha siku ya pili uonyeshe mwenyewe mbele ya watoto wangu, nami nikiangalia.

MamaLugha_Nrb alijibu:

BintiKisauni, msikilize huyo mwalimu, kakupa nusu ya mpango wako bure.

Nimeongoza huduma kama hiyo kwenye shule za Eastlands, Nairobi, na msimamo wangu ni huu: muhula wa kwanza, stoo ibaki imefungwa. Mwambie mwalimu mkuu kwa heshima kwamba unaanza madarasani, na mwandikiane ukurasa mmoja: siku zako ni zipi, nani anakupokea, vipindi gani hutavigusa, mzazi anaitwa vipi. Msitie sahihi wewe na mwalimu mkuu peke yenu, naibu naye awemo. Walimu wakuu huhamishwa, na mpya akija bila karatasi hiyo unaanza upya. Kwa sababu hiyo hiyo usimwandae mwalimu mmoja tu kila shule. Waandae wawili, wa madarasa tofauti, maana barua ya uhamisho ya TSC, tume inayoajiri walimu, haitakuuliza umewekeza kwa nani.

Sasa ile orodha. Usiidharau, ila jua kwamba mwalimu huandika anachokisikia. Kigugumizi kinasikika, "samba" inasikika. Mtoto asiyeelewa lugha hasikiki, kwa hiyo haandikwi, au anaandikwa kwa jina jingine: mkaidi, mzito, mvivu. Nilikuwa na mvulana wa Gredi ya 3 ambaye mwalimu wake aliapa kuwa ni jeuri. Nikakaa nyuma nikaona. Mwalimu akasema, "Kabla hujafungua kitabu, andika tarehe." Mtoto akafungua kitabu. Akakemewa, akafunga, akakaa kimya. Kipindi cha pili tukakubaliana na mwalimu aseme, "Andika tarehe. Ukimaliza, fungua kitabu." Akaandika, akafungua. Yeye alikuwa akifuata maneno kwa mpangilio alivyoyasikia; "kabla" haikumfikia. Siku hiyo hakutibiwa kwa lolote, lakini mwalimu alinifuata mpaka getini kuniuliza anapaswa kubadilisha nini kingine. Huduma katika shule ile ilianza hapo.

Walimu wako wafundishe mambo hayo hayo madogo. Agizo moja moja, kwa mpangilio wa kutenda. Ngoja, hesabu kimoyomoyo mpaka tano, ndipo umrudie mtoto aliyeulizwa. Neno jipya la Sayansi lionyeshwe kwa kitu au kitendo, lirudiwe siku kadhaa mfululizo. Mwenye kigugumizi asilazimishwe kusimama kusoma peke yake. Asome kwa pamoja na jirani yake, wengi wao hapo maneno hutiririka, na usimmalizie sentensi. Mwenye "samba", kwanza uliza nyumbani wanasema lugha gani. Mtoto wa Kijaluo hana "sh" katika lugha ya mama, na wa Kikuyu akichanganya "r" na "l" huenda hana tatizo lolote la matamshi, ni lugha moja inaegemea nyingine. Kwetu Nairobi mtoto akisema "kitabu yangu" anasema kama mtaa mzima unavyosema. Mtoto wa Mji wa Kale huko Mombasa, ambako Kiswahili ndiyo lugha ya nyumbani, akiniambia hivyo, nitataka kujua zaidi. Mlinganishe na ndugu zake na wenzake wa lugha ile ile, na usimhukumu yeyote kwa Kiingereza peke yake. Kama tatizo lipo, litaonekana hata katika Kigiriama chake, na mama yake atakueleza vizuri kuliko jaribio lolote la ng'ambo.

Kabla ya yote hayo, masikio. Masikio ya kutoa usaha ni mengi mno kwa watoto wetu. Nenda ofisi ya EARC ya eneo lako, kituo cha serikali cha kupima watoto wenye mahitaji maalumu; vituo hivyo viko tangu 1984 na upimaji ndio kazi yao, mpange siku ya kupima usikivu shuleni.

Wachache hawangoji mpango wowote: mtoto anayepaliwa kila akila uji, mtoto aliyekuwa akiongea kisha akaacha, na huyo wa kaakaa kama hewa bado inatokea puani akisema "p" na "b". Hao warudishe hospitalini wiki ile ile.

Na mama wa ile kamba usimpe jibu la haraka barabarani. Mwite akae nawe. Mweleze kwamba ulimi unaweza kuwa mzima kabisa na lugha ikawa bado haijajengeka, kisha mwonyeshe palepale namna ya kucheza na mwanawe kwa maneno mawili matatu. Ameshalipia kisu, anastahili maelezo kamili.

Tab_London aliandika:

Habari kutoka kaskazini mwa London. Ninafanya kazi katika shule za kawaida huku, na miongoni mwa watoto wangu wamo wa Kibarawa, wenye asili ya mji wa Barawa huko Somalia, ambao nyumbani wanasema Chimini, lugha iliyo ndugu ya Kiswahili, kwa hiyo hilo la kupima kwa lugha ya nyumbani nalitilia mkazo kwa herufi kubwa.

Uingereza imekwenda mbali kwa karatasi. Ripoti ya serikali iliyoongozwa na mbunge John Bercow ilitoka 2008 ikidai huduma bora kwa watoto wenye shida ya mawasiliano, na sheria ya 2014 ikaleta mpango wa maandishi kwa kila mtoto mwenye mahitaji makubwa. Tiba ikiandikwa katika mpango huo kama sehemu ya elimu yake, lazima itolewe. Ni haki nzuri na naitetea. Lakini ukiongoza huduma unaona upande wa pili: muda wa wataalamu wachache unamezwa na wenye mpango, na mtoto wa nyuma ya darasa ambaye hajaandikiwa kitu anapata makombo. Utafiti uliofanyika kaunti ya Surrey na kuchapishwa 2016 ulikuta tatizo la ukuaji wa lugha lisilo na chanzo kinachojulikana kwa karibu watoto wawili katika darasa la 30. Hesabu ni ya kwao, lakini tafakari darasa lako la 60.

Natofautiana kidogo na MamaLugha. Stoo isifungwe muhula mzima. Mtoto wa miaka saba ambaye hata jirani yake hamwelewi, anayesema "tata" kwa "kaka", hatanyooshwa na agizo jepesi la mwalimu. Anahitaji kazi ya ana kwa ana, mara kwa mara, kwa muda mfupi. Tenga nafasi chache za namna hiyo na uzilinde.

MamaLugha_Nrb alijibu:

Tab, nakubali kwa hao. Ila wafanyiwe darasani kwenye kona au wakati wa mapumziko ya mwisho, msaidizi akiwepo kila mara, ili wewe ukiondoka yeye aendelee katikati ya wiki. Stoo ikifunguliwa mapema orodha yote 87 itasimama mlangoni.

BintiKisauni alijibu:

Nawashukuru sana, nyote. Nimeamua hivi. Wiki za mwanzo nakaa PP2 (mwaka wa mwisho wa chekechea) na Gredi ya 1 hadi ya 3 katika shule zote tatu, wasaidizi wangu nikiwa nao, tukiandika nani hafuati maagizo, hasa wasichana wanyamavu. EARC nawaendea kabla shule hazijafunguliwa. Watoto wa matamshi mazito nitachagua sita kwa shule, na nitawaambia wazazi wa wengine wazi kwa nini si wao kwa sasa. MwalimuGredi2, hiyo nusu saa baada ya vipindi nimeichukua kama ilivyo.

Imebaki ripoti ya wafadhili. Niandike nini penye "waliohudumiwa"?

MamaLugha_Nrb alijibu:

Andika safu tatu na uwapelekee kabla hawajakuletea fomu yao: madarasa ambayo mwalimu anatumia njia mliyokubaliana na wewe umeona kwa macho; watoto wa kazi ya ana kwa ana na kila mmoja anaweza nini sasa ambacho mwanzoni mwa muhula hakuweza; na waliopelekwa hospitali au kwa EARC, wamefika au hawajafika. Hiyo ya tatu ifuatilie kwa simu mwenyewe. Nauli ya kwenda Coast General, hospitali kuu ya Mombasa, ndiyo inayowakwamisha wengi, kwa hiyo iombe kwenye bajeti sasa hivi, kabla hawajaifunga.