Gavana wa Marekani ni wa nani? Rais anaweza kumtoa?

Muuza Dagaa, Kibirizi

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za kazi. Nauza dagaa na mawese hapa Kibirizi, Kigoma. Nina shoga yangu tuliyejuana alipokuwa kambini Nyarugusu, enzi nikipeleka mzigo Kasulu. Yeye na wanawe walipata safari ya Marekani, wakapangiwa Portland, jimbo la Oregon. Mwaka jana wakahamia Boise, jimbo la Idaho, kumfuata kaka yake.

Juzi kanitumia sauti ndefu WhatsApp. Aliingia dukani kuchukua sufuria lililoandikwa dola 20. Kufika kwa keshia, mashine inasoma dola 21 na senti 20. Kule Portland bei iliyobandikwa ndiyo unayolipa, kwa hiyo akajua ameonekana mgeni, anaibiwa. Akabishana mpaka watu wa foleni wakaanza kuguna. Keshia akamwekea kidole kwenye risiti: kodi ya jimbo, asilimia 6. Wiki hiyo hiyo akaambiwa leseni yake ya udereva ya Oregon aibadilishe, achukue ya Idaho. Ananiuliza, "Si nchi moja hii? Mbona kama nimevuka mpaka?"

Sikuwa na jibu. Nikampelekea baba mkwe, mstaafu wa reli. Akasema gavana ni mtu wa kutumwa tu, kama magavana wa Tanganyika walivyotumwa kutoka London, na rais akichukia anawabadilisha wote usiku, asubuhi mnasikia redioni, kama wakuu wa mikoa. Kijana anayenibebea magunia akasema si kweli.

Naomba mnieleweshe. Kule kuna serikali ngapi? Gavana ni mtu wa nani? Na kama kila jimbo lina kodi yake, gunia la dagaa likitoka Oregon kwenda Idaho linapita mageti mangapi? Hili la mwisho nauliza kwa uchungu. Mwezi uliopita nililipia mzigo wangu ushuru, risiti ninayo mkononi, na bado njiani kwenda Tabora gari likasimamishwa nikalipishwa mara ya pili.

Mwalimu Mstaafu, Kasulu

Pole sana mama. Kijana wako wa magunia yuko sahihi. Rais wa Marekani hamteui gavana, hamhamishi wala hamfukuzi. Gavana wa Idaho anachaguliwa na watu wa Idaho, na anayeweza kumtoa kabla ya muda ni bunge la jimbo lake au, katika baadhi ya majimbo, wapiga kura wenyewe. California walifanya hivyo 2003: walimtoa Gray Davis kwa kura, wakamweka Arnold Schwarzenegger.

Kinachotuchanganya ni kwamba tunamfananisha gavana na mkuu wa mkoa. Mimi darasani nilikuwa nawaambia wanafunzi wamwache mkuu wa mkoa, waitazame Zanzibar. Katiba yetu ya 1977 ina orodha ya mambo ya Muungano: ulinzi, mambo ya nje, uraia, sarafu na kadhalika. Lisilokuwemo kwenye orodha, Zanzibar inajiamulia, na Rais wa Muungano hamteui Rais wa Zanzibar. Sasa fikiria nchi yenye Zanzibar hamsini.

Na majimbo yalitangulia. Yale 13 ya mwanzo yalikuwa na mabunge yao kabla Washington haijawa mji. Walipoachana na Uingereza walijaribu kwanza umoja mlegevu, mkataba ulioanza kazi 1781, ambapo serikali ya pamoja haikuwa na uwezo wa kumtoza mtu kodi. Iliyaomba majimbo michango, na yasipotoa haikuwa na la kufanya. Deni la vita halilipiki, askari hawajalipwa. Ndipo 1787 wajumbe 55 wakakutana Philadelphia, na 39 wakatia sahihi Katiba wanayoitumia mpaka leo. Serikali kuu ikapewa fedha, jeshi, posta, mikataba na nchi za nje, na biashara baina ya majimbo. Mwaka 1791 wakaongeza kipengele kinachosema madaraka ambayo serikali kuu haikupewa, na majimbo hayakukatazwa, ni ya majimbo au ya wananchi.

Leseni ya shoga yako imo kwenye hayo yaliyobaki. Akipata uraia, pasi atapewa na serikali kuu, lakini leseni ni ya Idaho, ndoa ni ya Idaho, shule ya wanawe ni ya Idaho. Kodi ya sufuria pia. Halmashauri zetu zinatoza ushuru kwa sababu Bunge la Dodoma limetunga sheria ya kuziruhusu. Bunge la Idaho halikuomba ruhusa Washington. Na Oregon waliamua kodi ya dukani hawaitaki, basi, hawana.

Huko Washington nako wamegawana. Baraza la Wawakilishi linafuata wingi wa watu: California ina wajumbe 52, Idaho 2. Seneti haiangalii wingi, kila jimbo lina maseneta wawili, kwa hiyo Idaho inakaa sawa na California, na muswada lazima upite kote kuwili. Waziri haruhusiwi kuwa mbunge. Rais akikataa muswada, theluthi mbili ya kila baraza inaweza kuupitisha hivyo hivyo. Kwetu, Bunge likiupitisha tena muswada kwa theluthi mbili, ibara ya 97 inamwachia Rais njia ya kulivunja Bunge. Wa kwao hana njia hiyo kabisa. Kwangu mimi hiyo ndiyo tofauti kubwa kuliko zote, na sijawahi kuona inasisitizwa ipasavyo darasani.

Mzee wa Isevya, Tabora

Mwalimu umeeleza vizuri, ila usimlaumu baba mkwe. Sisi wa umri wake tulizaliwa Jimbo la Magharibi, makao makuu hapa hapa Tabora, na Kigoma ilikuwa ndani yake. Gavana alikuwa Twining, aliyetumwa na London. Jimbo na gavana kwetu ni maneno ya amri kutoka juu. Tukayachukua maneno yale yale kueleza mambo ya Marekani, na maana ya zamani ikaja nayo.

Lakini msimfanye rais wao hana meno. Mwaka 1957 gavana wa Arkansas, Orval Faubus, aliweka askari wa jimbo kuwazuia watoto tisa weusi wasiingie shule ya sekondari Little Rock, wakati mahakama ilikwisha kuamuru waingie. Rais Eisenhower akaleta askari wa miavuli, na wale askari wa jimbo akawaweka chini ya amri yake. Watoto wakaingia darasani wakisindikizwa na bunduki.

Mwalimu Mstaafu, Kasulu

Shikamoo mzee. Ni kweli kabisa, sheria halali ya serikali kuu ikigongana na ya jimbo, ya serikali kuu ndiyo inasimama. Ila Eisenhower alikwenda kusimamia amri ya mahakama, hakumgusa Faubus kwenye kiti. Faubus aliendelea kuwa gavana hadi 1967.

Muuza Dagaa, Kibirizi

Asanteni sana baba zangu. Nimemsomea baba mkwe yote. Ya Twining yamemgusa, amekaa kimya muda mrefu. Lakini gunia langu hamjaligusa.

Mwalimu Mstaafu, Kasulu

Nisamehe mama. Gunia lako Oregon kwenda Idaho halikuti geti la ushuru. Lori linaweza kusimamishwa lipimwe uzito, lakini jimbo haliruhusiwi kutoza mzigo kwa kosa la kutoka jimbo lingine. Ukilifikisha Boise ukauza, unakusanya asilimia 6 ile ile anayokusanya muuzaji mwenyeji.

Na jambo hili liliamuliwa kwa kesi ya meli, sisi watu wa ziwani tunaielewa haraka. Bunge la New York lilikuwa limewapa watu wachache haki ya peke yao kuendesha meli za mvuke katika maji ya jimbo. Aaron Ogden akaikodi haki hiyo. Thomas Gibbons akaja na meli zake kutoka New Jersey, akiwa na leseni ya serikali kuu. Ogden akashtaki, mahakama za New York zikamzuia Gibbons. Ni kama Kigoma ingeikataza meli ya Kasanga kutia nanga, kwa kuwa gati ni la Kigoma. Kesi ikafika Mahakama ya Juu, na mwaka 1824 Jaji Mkuu John Marshall akasema biashara inayovuka mpaka wa jimbo iko mikononi mwa bunge la Washington, na leseni ya Gibbons inatosha.

Risiti yako itunze, mama. Iambatanishe na barua kwa mkurugenzi wa halmashauri iliyokutoza mara ya pili, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa mapokezi.

Muuza Dagaa, Kibirizi

Barua naandika kesho. Shoga yangu anauliza yeye atampigia kura lini huyo gavana.

Mwalimu Mstaafu, Kasulu

Aliyeingia kama mkimbizi anaweza kuomba uraia baada ya miaka 5, na akishapata ukaazi wa kudumu, hesabu inaanzia siku aliyofika. Akiapa, ajiandikishe huko huko Idaho. Na asimsubiri gavana kwenye karatasi moja na rais, kwa sababu gavana wa Idaho anachaguliwa katikati ya muhula wa rais: walimchagua 2018, wakachagua tena 2022.