Hisa zimeshuka kutoka 40 hadi 16: niongeze, nikae nazo au niuze?

Mchuuzi_Gikomba: Wapendwa, miaka mitatu iliyopita nilinunua hisa 1,000 pale Soko la Hisa la Nairobi, kila moja shilingi 40. Leo ni 16. Zimeyeyuka 24,000. Usiku nafungua daftari la madeni ya wateja na kupiga hesabu: 24,000 gawa kwa siku 1,095, ni kama shilingi 22 kwa siku, kikombe cha chai kibandani. Hapo usingizi unakuja, kweli kabisa. Lakini asubuhi bei ni ileile. Nishaurini.

Dogo_Likoni: Ongeza 1,000 nyingine kwa 16. Wastani wako unashuka hadi 28. Badala ya kungoja bei ipande asilimia 150, unangoja 75 tu! Mimi nilifanya hivyo, moyo ukatulia siku hiyohiyo.

Mwalimu_Mstaafu: Moyo umetulia, hasara haijasogea hata senti. Kabla ya kuongeza ni 24,000, baada ya kuongeza ni 24,000. Tena sasa bei ikishuka shilingi moja unapoteza 2,000, si 1,000. Wanafunzi wangu nao walikwama hapo kila mwaka: kilichopungua nusu hakirudi kwa kuongezwa nusu, sharti kiongezeke maradufu.

Mama_Zawadi: Shikamoo Mwalimu. Na akikaa nazo ale gawio, ile sehemu ya faida ambayo kampuni huwagawia wenye hisa?

Mwalimu_Mstaafu: Marahaba mama. Gawio lilikuwa ngapi?

Mchuuzi_Gikomba: 1.20 kwa hisa.

Mwalimu_Mstaafu: Basi 1,200 kwa mwaka. Toa kodi asilimia 5, zabaki 1,140. Kuzirudisha 24,000 kwa mwendo huo ni miaka 21.

Mama_Zawadi: Mimi ningeuza ninunue hati fungani, yaani niikopeshe serikali inilipe riba.

Dogo_Likoni: Za Benki Kuu zinaanzia 50,000, mama. Yeye atatoka na 16,000.

Mama_Zawadi: Kweli, nilisahau. Basi mfuko wa soko la fedha, ule unaokusanya pesa za watu wengi na kuzikopesha kwa muda mfupi zizae riba. Ukimpa asilimia 10 kwa mwaka baada ya kodi, na asiziguse, 16,000 zinafika 40,000 kwa miaka kumi hivi.

Mchuuzi_Gikomba: Mwalimu, ile 21 nimeiandika kwa kalamu nyekundu. Binti yangu ana miaka tisa. Atakuwa na thelathini! Kesho nampigia dalali auze 600. Ada yake ikitoka, zinazobaki naziweka kwenye mfuko. Zile 400 nakaa nazo. Dogo, siongezi.