Gumzo la kikundi: UKOO WA MAGOMENI

IJUMAA

Shangazi Zuhura 06:41
Assalaam aleikum ukoo. Kesho Bagamoyo kwa Mzee Juma. Saa 1 kamili asubuhi tunaondoka Mapipa. Noah 120,000, tukiwa 6 kila mtu 20,000. Aliyetuma mpaka sasa ni Rehema peke yake.

Shangazi Zuhura 06:44
Mzee aliiona ligi ya kwanza ya Taifa, 1965, Muungano una mwaka mmoja tu. Wenzake wa barazani wameshatangulia wote. Tumrekodi angali anakumbuka.

Shangazi Zuhura 08:30
Mmesoma watu 19. Kimya.

Iddi 09:52
Shikamoo shangazi. Hivi 1965 bingwa si Yanga?

Rehema 09:53
Sunderland. Ndiyo Simba hii hii, jina wamebadili 1971. Na 1966 wakabeba tena.

Iddi 09:55
Kumbe kombe letu walibeba Waingereza 😂😂

Ba'mdogo Athumani 10:10
Rehema, tarehe 1 Juni 1968 hao Sunderland walikula ngapi? TANO.

Rehema 10:11
Na 1977 nyie mkala sita, Ba'mdogo.

Shangazi Zuhura 10:15
Jamani! Nauliza nauli mnaniletea tano na sita. Nani ana simu inayorekodi vizuri? Na ile picha ya timu iliyokuwa ukutani sebuleni anayo nani?

Ba'mdogo Athumani 10:31
Picha ipi? Ile iliyoondoka na makabati nyumba ilipouzwa?

Shangazi Zuhura 10:32
Athumani, hayo si ya hapa.

Ba'mdogo Athumani 10:32
Nimeuliza picha tu.

Babu Juma 13:20
Wanangu, nimesoma yote. Mimi Yanga toka utotoni, ila bingwa wa kwanza ni Sunderland, hilo halina ubishi. Nilikuwa na miaka 7. Kaka Hamisi alinibeba mabegani kipindi cha pili chote, shati limemlowa. Mbele kazibwa na watu, haoni kitu, mimi ndiye namwambia mpira uko wapi. Sunderland walipofunga nikakataa kumwambia. Akasikia kelele, akaruka nami huko huko juu. Leo mnakuja kurekodi habari zake, na watoto wake hata humu hamjawaweka. Mkija bila wao sina la kusimulia.

Iddi 14:05
Shikamoo Babu.

Rehema 14:40
Namba ya Shangazi Salma ninayo. Nimpigie?

Shangazi Zuhura 15:02
Mpigie. Noah haitatosha tena. Athumani, gari lako?

Ba'mdogo Athumani 17:26
Liko gereji. Nitawajibu usiku.

Rehema 21:47
Shangazi Salma kapokea. Kanyamaza kidogo, halafu akauliza kama ni Mzee mwenyewe aliyesema. Nikamsomea. Anaongea na wenzake.

Shangazi Zuhura 21:50
Saa 1 pale pale basi. Waliotuma: Rehema, Iddi nusu. Athumani?

Mama Swaumu 23:08
Ndo nashika simu saa hizi. Safari ni kesho au Jumamosi ijayo?