Ushauri: kongosho la mzee linavuja baada ya operesheni. Sponji au afunguliwe tena?

Binti_Donholm: Hamjambo wanajukwaa. Baba yetu, miaka 64, alifanyiwa operesheni ya Whipple (ya kuondoa kichwa cha kongosho) hapa Nairobi. Alikuwa anaendelea vizuri, mara maji ya dreni (mpira wa kutoa maji tumboni) yakageuka kijivu, na homa inampanda kila jioni. Daktari anasema mshono wa kongosho unavuja. Ametaja sponji inayoshushwa kwa kamera kisha inaunganishwa na mashine ya kunyonya. Kaka mkubwa anataka mzee afunguliwe tena. Mama hataki kusikia habari ya kisu. Nisaidieni.

Jirani_wa_Kayole: Pole sana dada. Shangazi yangu alivuja hivyo hivyo, akapona kwa dreni tu. Msimharakishe.

Sista_Zamu: Pole dada. Mimi ni nesi, ila mzee simjui, kwa hiyo haya yapeleke kwa daktari wake kama maswali.

Maji ya kongosho kazi yake ni kumeng'enya chakula. Yakivuja, humeng'enya hata nyama iliyo karibu. Amailesi (kimeng'enya cha kongosho) ya maji ya dreni imepimwa? Ikizidi mara 3 ya kiwango cha juu cha kawaida cha damu, basi yanatoka kwenye kongosho.

Sponji huwekwa penye tundu, mpira wake unatokea puani, na mashine mara nyingi huvuta kwa takriban milimita 125 za zebaki. Uchafu unatoka, shimo linasinyaa. Lakini hubadilishwa kila baada ya siku 3 hadi 5, la sivyo nyama itaota ndani yake, na kila mara ni dawa ya usingizi na kamera upya. Imezoeleka zaidi kwa umio na puru kuliko kongosho. Muulize: kongosho limeshonwa kwenye tumbo (mfuko wa chakula) au kwenye utumbo? Kwenye tumbo kamera hufika kwa urahisi. Kwenye utumbo njia ni ndefu.

Kufunguliwa tena huwa ni hatua ya mwisho. Na ukiona damu kwenye dreni, hata kidogo, ita daktari papo hapo, usingoje raundi ya asubuhi.

Mhasibu_Mstaafu: Bili nayo! Ombeni makadirio kwa maandishi, ya kila badiliko la sponji, na muulize SHA, bima ya afya ya serikali, inalipa nini. Kwetu tuliambiwa bei ya sponji ya kwanza tu.

Binti_Donholm: Asanteni sana. Ni kwenye utumbo. CT inaonyesha usaha umejikusanya mahali ambapo sindano inafika, kwa hiyo kesho wanaweka dreni ya pili kupitia ngozini. Sponji itafikiriwa hiyo ikishindwa. Kaka amekubali, kwa kununa. Sista, ngozi kuzunguka mpira wa dreni imechubuka, hata shuka ikimgusa analia. Tufanyeje?

Sista_Zamu: Msipake kitu cha dukani. Nesi wa stoma (tundu la tumboni la kutolea choo) amvalishe mfuko wa stoma kuzunguka mpira, maji yaingie humo yasiguse ngozi. Kama wodi haina, waulizeni ni saizi gani mkanunue leo.