Yule muuza wino wa printa pale Kabwe leo kanitukana mchana kweupe

Bibi Glosi:
Wakuu, salamu baadaye. Mnamjua. Yule yule anayewasha feni Mbeya hii ya Julai.

Nimemuuliza swali la chekechea: huu wino wa chupa ni wa dai (rangi iliyoyeyuka), wa pigmenti (punje laini za rangi) au wa sablimesheni? Anamenya ndizi, jicho hanyanyui, ananijibu: "Wino ni wino tu, dada."

WINO NI WINO TU, DADA.

Basi na mafuta ni mafuta tu, atie dizeli kwenye bodaboda tumwone akipanda Mlima Nyoka!

Chupa sita za printa yangu ya picha, Epson L805, mililita 70 kila moja: nyeusi, njano, sayani, majenta na zile mbili hafifu. Lebo zimefutika kama kitambulisho kilichofuliwa na suruali. Kumbe sablimesheni, ya vikombe na fulana za poliesta! Ile kwenye karatasi ya glosi, hii inayong'aa ya picha, imelala usingizi. Inangoja mashine ya kubana, nyuzi 180 hadi 200, ndipo igeuke mvuke na kuingia kwenye poliesta. Bila moto huo pasipoti saizi inatoka imepauka. Bluu ya nyuma ni maji yaliyofuliwa jinzi. Mteja ana mashavu yake mawili mazima, kwenye picha kama mzimu wake ndio umekuja kupigwa kwa niaba.

Narudi, namwonyesha. Kaitazama. Kameza ndizi. "Wino ni wino tu, dada. Labda karatasi."

Mbele ya watu! Na ndizi mdomoni!

Mzee wa Dampa:
Pole, ila kosa ni lako. Chupa haina lebo unaimimina tangini kwa imani? Paka wino kwenye karatasi ya kawaida, ukauke, kisha uibane juu ya kitambaa cheupe cha poliesta kwa pasi ya moto, dakika moja. Rangi ikihamia kwenye kitambaa, hiyo ni sablimesheni. Isipohama, dondoshea maji ule wino uliopaka kwenye karatasi: dai inatawanyika, pigmenti inabaki pale pale. Jaribio la pasi na kijiko cha maji.

Kiazi Mviringo:
Nimesoma mpaka mwisho nikitafuta ndizi imekosa nini.

Upepo wa Makambako:
Dada wewe una nafuu. Huku wanawauzia pigmenti watu wa glosi. Picha inatoka kali kweli, mteja anapitisha kidole gumba, nusu ya bibi harusi inabaki kidoleni. Punje za pigmenti hazinywewi na ule utando wa glosi ya bei poa, zinakaa juu kama vumbi la barabarani. Pigmenti ni ya barua, vyeti na karatasi isiyong'aa. Glosi mpe dai, halafu mwambie mteja asiitundike juani, maana dai inapauka.

Bibi Glosi:
Sawa, lakini "dada"? Mimi ni dada yake wa wapi?

Mzee wa Dampa:
Hasira weka pembeni, okoa hedi, kile kichwa cha printa kinachorusha wino. Usimimine dai juu ya huo uchafu, zikichanganyika zinaweza kuganda na nozo, vitundu vya hedi, zikaziba. Nyonya matanki yote kwa sirinji, kila rangi sirinji yake. Jaza maji ya kusafishia hedi, yapite theluthi ya tanki, ndipo uingie kwenye programu ya printa uchague ile safisha ya nguvu inayokomba mpaka mipira ya kupitisha wino. Mara MOJA. Kabla ya kurudia iache saa 12. Kisha nyonya hayo maji, tia dai, safisha tena, chapa mistari ya nozo. Wale wa kubonyeza klini mara kumi mfululizo ndio wanaojaza sponji ya wino taka, printa ikigoma wanalia wamerogwa.

Kiazi Mviringo:
Mara kumi ni mimi. Nani kakwambia?

Mvua ya Tukuyu:
Mnisamehe, ila huyo mla ndizi kwenye karatasi ana hoja kidogo.

Bibi Glosi:
ETI?

Mvua ya Tukuyu:
Kwenye wino kakosea, sibishi. Ila pakiti imeandikwa karatasi ya gramu 230 kwa mita ya mraba, ukiishika unahisi 150. Inakunja kona kama chapati. Na kwa unyevu wa huku, ukiilaminisha siku hiyo hiyo unafungia maji ndani, wiki haiishi picha ina ukungu. Iache saa 24. Karatasi ndiyo inatumaliza.

Upepo wa Makambako:
Hapo umenena! Tena wengine wanapanga upande usiong'aa juu, wino unatiririka kama mlenda, halafu lawama kwa wino.

Kiazi Mviringo:
Karatasi mbovu kuliko zote zinatoka kwa yule wa Mashine Tatu, Iringa. Pakiti ya shiti 20, hesabu utakuta 18.

Mvua ya Tukuyu:
Kumbe hata kwenu 18! Nilidhani nahesabu vibaya.

Bibi Glosi:
Jamani turudi kwa yule wa Kabwe.

Upepo wa Makambako:
Subiri kwanza, dada. Huyo wa Mashine Tatu ndiye yule wa miwani?

Kiazi Mviringo:
Huyo huyo. Na chenji harudishi.