Nimepewa mikaratusi nikate kuni mwenyewe, napasua lini na napanga vipi?

mama_posho
Wakuu habari za jioni. Nina hoteli ndogo hapa Tororo, Uganda, napika posho (ugali) na maharagwe, siku za soko na nyama. Sasa kuni nazonunua zinanimaliza, si bei peke yake, zinakuja mbichi, ukiwasha zinatoa povu kwenye ncha, moshi umejaa mpaka wateja wanakula huku wanafuta machozi. Mama mkwe ana mstari wa mikaratusi nyuma ya shamba, mingine minene kushinda paja la mtu mzima, kasema nikate ila nisimuulie visiki. Kijana wa pawasoo (msumeno wa injini) nimeshampata. Naomba kujua, napasua saa hiyo hiyo au naacha magogo yakauke kwanza? Na mchwa nafanyaje, maana huku kwetu ukiacha kiatu nje usiku asubuhi unaokota kamba tu. Nataka mvua za mwezi wa tatu zinikute na kuni kavu.

shoka_mbale
Dada pasua ikiwa mbichi!! Mkaratusi nyuzi zake zimesokotana, ukikauka unakuwa mgumu ajabu, utapiga shoka linakwama unabaki unalivuta na gogo zima. Mbichi unapasuka vizuri, na kipande kilichopasuliwa kinakauka haraka maana maji hayapiti kirahisi kwenye ganda. Usianze katikati ya gogo, anzia pembeni umenye kuzunguka, moyo uuache mwisho. Yenye vifundo usijisumbue na shoka, tafuta kabari ya chuma na nyundo kubwa. Halafu tafuta tairi kuukuu, liweke juu ya kisiki unachopasulia, gogo lisimame ndani ya tairi. Vipande havirukii miguu na huinami kila saa kuokota.

kijana_wa_bombo
Kabla hamjafika kwenye shoka, dada hebu tembea na huo mstari uangalie. Ile iliyonyooka ni nguzo, mafundi wa nyumba wanaitafuta. Ukiichoma unachoma hela. Uza iliyonyooka, kuni toa kwenye matawi, vilele na iliyopinda, unaweza kukuta hela ya pawasoo imerudi.

mama_posho
Duh hilo sikulifikiria kabisa. Ila miti ni ya mama mkwe, hela ya nguzo itabidi tukae naye kwanza 😅

mzee_wa_kigezi
Binti yangu, nimechoma kuni za mkaratusi miaka mingi huku Kabale. Mti ukikatwa leo karibu nusu ya uzito wake ni maji. Moto unachemsha hayo maji kwanza ndio uje kwenye sufuria yako, ule moshi unaowaliza wateja unatoka hapo. Kuni nzuri maji yake hayazidi asilimia 20. Pasua vipande vya unene wa kifundo cha mkono, si zaidi. Chini laza miti miwili juu ya mawe, kuni zisiguse udongo, nafasi ya shubiri moja inatosha, mchwa akitaka kupanda lazima ajenge njia yake juu ya jiwe na wewe utaiona uibomoe. Panga mstari mmoja tu, upepo upite, usiegemeze ukutani. Juu funika bati na mawe, pembeni acha wazi. Watu wanafunga turubai mpaka chini halafu wanashangaa kuni zina ukungu, zinatoa jasho humo ndani! Kwetu baridi nyingi inachukua muda mrefu, nyie na hilo jua la Tororo ukikata Desemba, vipande vyembamba, mwezi wa tatu unaanza kupikia.

shoka_mbale
Mzee umesema kweli yote ila ongeza kubandua magamba. Mchwa na wadudu wanajificha hapo, na mkaratusi ukiwa mbichi ganda linatoka kwa mkono tu.

mzee_wa_kigezi
Kubandua rundo lote ni kazi ya kumpa adui. Bandua zile za safu ya chini basi.

mama_posho
Shikamoo mzee, asante. Sasa nikiweka mbali na ukuta wapitaji watanipunguzia. Kuna njia ya kuweka ndani?

nyanya_busia
Mwanangu ndani weka za siku chache tu, si rundo lote, karibu na moto ni hatari na joka hupenda kulala humo. Sisi tulikuwa na uchaga juu ya mafiga, kuni za kesho zinalala pale moshi unazikausha. Kujua kama zimekauka gonganisha mbili, kavu inalia ko! mbichi inalia bu. Na ncha zinapasuka nyufa. Mkiwa mnasafisha shamba msichanganye mnyaa wa uzio kwenye kuni, maziwa yake yakiingia jichoni utajuta.

jua_la_gulu
Ukiwa na mizani ya dukani, weka alama ya mkaa kwenye kipande kimoja, pima kila wiki. Kikiacha kupungua ujue kimekauka, huhitaji kubahatisha. Alafu una bahati miti ni ya kupandwa. Huku kaskazini amri ya rais ya mwezi wa 5 2023 ilipiga marufuku mkaa wa biashara, na mshea (mti wa mafuta ya shea) ndio usiuguse kabisa. Mikaratusi ya nyumbani haina maneno, ila mwambie mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) mapema, na kama nguzo zitapanda loli kwenda mbali pita kwa ofisa misitu wa wilaya kwanza.

kijana_wa_bombo
Kuhusu visiki vya mama mkwe: kata chini karibu na ardhi, mkato ulale upande maji yasituame, ganda lisichanike, na msirundike matawi juu yake wala kuchoma moto hapo. Vitachipua vyenyewe. Machipukizi yakifika kimo cha mtu bakiza mawili matatu yenye nguvu. Kuna wanaosema kiangazi kikali kinaua kisiki, ukiogopa kata mmoja ruka mmoja, mingine ikate mvua zikikaribia. Na waya wa umeme kama uko karibu, huo mti uacheni.

mama_posho
Waya uko upande wa barabara, hiyo minne tunaiacha. La mwisho, pawasoo akate urefu gani?

shoka_mbale
Pima jiko lako toka mdomoni mpaka ukuta wa nyuma, ongeza shubiri ya kushikia. Kata kijiti cha urefu huo umpe atembee nacho, akipima kwa macho kila kuni itatoka saizi yake na rundo halitasimama.